Hatua ya Kwanza ya Verlin Hruska

Kwenye geti kuu la uwanja wa besiboli wa Havlin, Nebraska, ipo picha kubwa kama mlango. Ndani yake kijana wa miaka ishirini na mitano yuko hewani, kalala juu ya majani bila kuyagusa, mkono wa glavu umenyooka mpaka mwisho wake, na mpira umo ndani ya glavu. Ni mwaka 1987, zamu ya tisa na ya mwisho, mchezo wa mwisho wa msimu, na mpira ule ungeanguka tungefungwa. Haukuanguka. Tangu siku hiyo kijana yule, Verlin Hruska, tunamwita Ndege, na picha yake tumeibandika kila mahali panapobandikika: kwenye bilauri za soda, kwenye fulana, hata kwenye mlango wa gari la zimamoto.

Sasa Ndege ana miaka sitini na mitatu. Tumbo limemtangulia, goti la kulia halikunji vizuri, na ndiye kocha wa timu yetu ya Wavunaji. Jumatatu moja ya Julai alikuwa ofisini kwake, kile chumba kidogo chini ya majukwaa, akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kopo. Mbele yake palikuwa na karatasi yenye majina mawili. Mrushaji mmoja aliyekuwa ameumia bega alikuwa amepona na anarudi, na kikosi mwisho wake ni watu ishirini na wanne. Kesho yake, saa sita kamili mchana, ligi ilitaka jina la mtu wa kuachwa.

Majina yenyewe yalikuwa Corwin Sayles na Kip Tiedeman. Wote wawili wanacheza kati nyuma, eneo pana kuliko yote uwanjani, ambako mlinzi mmoja anakimbizana na kila mpira unaopaa. Corwin ana miaka ishirini na minane, katokea Georgia, mtu mkimya ambaye ukimuuliza habari anakujibu nzuri na habari zimeishia hapo. Gongo la kupigia mpira halimpendi. Mara tano akisimama kupiga, mara nne anarudi kukaa. Kip ana miaka ishirini na mitatu, kazaliwa maili kumi tu kutoka hapa, na mpira akiupiga unalia. Ndani ya michezo thelathini alikuwa ameuvusha uzio mara sita, na mara moja kati ya hizo mpira ulivunja kioo cha gari la mchungaji, naye mchungaji akashangilia.

Anayeifuata besiboli kwa redio tu angesema hapo hakuna cha kuamua. Verlin naye moyoni alishaamua. Alichokuwa anakitafuta ni mtu wa kumwambia kwamba yuko sawa, na kwa kazi hiyo akakosea kumwita Ardith Kolterman.

Bi Ardith ana miaka sabini na saba na ndiye mwandishi wa mchezo, yaani yeye hukaa juu kwenye kibanda chenye dirisha na kuandika kila mpira uliorushwa, uliopigwa, uliodakwa. Kaanza kazi hiyo mwaka 1983 na hajakosa mchezo ila siku aliyomzika mumewe. Ligi inamtaka aandike matokeo tu. Yeye ana mazoea yake ambayo hakuna aliyemwomba: kila mpira uliopigwa kwenda nyuma anauchora mahali ulipofikia. Uliodakwa anauwekea nukta. Ulioanguka chini anauwekea kiduara. Anatumia penseli, na kitabu chake hakuna anayekigusa bila ruhusa.

"Umeniita mimi, Verlin, au umekiita kitabu?" aliuliza mlangoni, kitabu kwapani, na mkononi kasahani ka kolachi, vile vikate vitamu vya tende, kamefunikwa kitambaa.

"Nimewaita wote wawili, Bi Ardith. Karibu. Kahawa ipo, ila ni ya asubuhi."

"Asubuhi ya leo au ya jana?"

"Onja mwenyewe uniambie."

Alionja, akakunja uso, akaisukuma pembeni. Kisha akavaa miwani. "Haya. Nani unataka kumwacha?"

"Sitaki kumwacha yeyote. Lakini tuseme ukweli, mama. Kip anapiga. Corwin hapigi."

"Hapo sina ubishi."

"Na kule nyuma, Kip anajitoa. Mwezi huu mmoja kajirusha chini mara kumi na moja. Nimehesabu. Suruali zake mfuaji kazichoka. Corwin kajirusha mara mbili tu, tena moja nadhani aliteleza."

Bi Ardith hakucheka. Alikifungua kitabu kwenye kurasa mbili alizokuwa ameziwekea utepe, akazigeuza zimwelekee Verlin. Kila ukurasa ulikuwa na ramani ya uwanja, imechorwa kwa mkono.

"Michezo thelathini ya kwanza alicheza Corwin," alisema. "Halafu ukamkalisha benchi kwa sababu ya gongo lake, ukamweka Kip michezo thelathini. Warushaji walewale, uwanja uleule. Nimezikusanya zote. Hesabu viduara vya kila mmoja."

Verlin alihesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikicheza. Kwa Corwin vilikuwa thelathini na kimoja. Kwa Kip alifika arobaini akadhani amekosea, akaanza upya. Vilikuwa hamsini na vinane.

"Ishirini na saba zaidi," alisema Bi Ardith. "Hiyo ni mipira ishirini na saba ambayo Corwin angeidaka na Kip kaiacha ianguke."

"Sawa, lakini Kip anarudisha kwa gongo."

"Anarudisha. Katika michezo thelathini Kip kapiga mapigo thelathini na sita. Corwin ishirini na mawili. Anamzidi kumi na manne. Pigo ni pigo, Verlin. Ukiwapa wenzetu pigo au ukijinyima lako, ubao wa matokeo haujui tofauti."

"Sita zimevuka uzio! Huwezi kuzihesabu kama za kawaida."

"Nilijua utasema hivyo. Basi ipe kila moja ya hizo sita thamani ya mapigo matatu. Kumi na manne yanakuwa ishirini na sita. Bado Corwin yuko juu. Na hapo sijakugusia ile iliyobingirika mpaka kwenye uzio, wenzetu wakala vituo viwili viwili."

Verlin alitema ganda, likapita kopo. Alikuwa na karata moja bado, akaitoa. "Na makosa? Corwin kaandikiwa makosa matano. Kip moja. Wewe mwenyewe ndiye uliyeandika."

"Nimeandika, na matatu kati ya hayo nimeyajutia." Aliivua miwani akaifuta kwa kola ya blauzi. "Kip hawezi kuangusha mpira asioufikia, ulio hatua nne mbele yake, kwa hiyo siwezi kumwandikia kosa. Mwenzake anaufikia, ukimponyoka tunampigia kelele. Corwin anafika mapema, anasimama chini yake kama mtu anayengoja basi, sote tunauona mpira rahisi. Hata mimi nimedanganyika. Angekuwa anafika kwa kubiringika na ulimi nje, ningesema maskini, kajitahidi. Yeye anafika na kusimama, nyinyi mnamwita mvivu."

Hapo Verlin aliona joto linampanda shingoni. Hakuwa mjinga. Alikuwa amecheza nafasi hiyohiyo miaka tisa na alijua anachoambiwa ni kweli. Alikuwa akikijua tangu Aprili, kila alipomwona Corwin akigeuka na kuondoka kabla mlio wa gongo haujakwisha. Kilichomchoma ni kitu kingine kabisa, na badala ya kunyamaza nacho akakitoa mdomoni.

"Kwa hiyo anayejirusha ni mchelewaji. Basi na mimi nilikuwa mchelewaji? Picha nzima iko pale getini, mji mzima unaijua. Mimi nilichelewa?"

Bi Ardith alianza kufunga kitabu. "Hatuzungumzi habari zako."

"Tuzungumze. Kitabu cha mwaka ule unacho?"

"Ninacho. Usikiombe, mdogo wangu."

Angemsikiliza mtu mzima, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini Verlin alikuwa na hakika hakuna aliyeona. Watu elfu mbili na mia tatu walikuwa uwanjani siku ile, na wote walikuwa wanautazama mpira. Alipanda ngazi nyuma ya Bi Ardith mpaka kibandani, goti likilia, akasubiri huku mama huyo akichomoa kitabu chenye jalada la kijani kutoka rafuni. Aliifikia zamu ya tisa bila kutafuta. Pembeni ya nukta moja ya penseli, mbali kabisa karibu na uzio, palikuwa na maandishi madogo yaliyofifia: "V. alianzia mbele. Hatua mbili. Kajiokoa."

Alisoma, akarudia. Maneno hayakubadilika.

Ndivyo ilivyokuwa. Mpira ulipopigwa, Verlin aliuona mfupi, akakimbilia mbele hatua mbili nzima, kisha akatambua kwamba unampita juu ya kichwa. Akageuka kwa pupa, akakimbia kama mwizi, na mwisho akajitupa kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Mlinzi mwenye macho angeudaka amesimama. Miaka thelathini na minane alikuwa amepewa soda za bure, ameimbiwa mapambio kwenye gwaride la mavuno, hata mahari ya moyo wa marehemu mkewe Marlys alilipa kwa picha ile, na siku zote ndani yake zile hatua mbili zilikuwa zikitembea.

"Umemwambia nani?" aliuliza bila kumtazama.

"Hata mume wangu hakujua. Mpira uliudaka, Verlin. Nukta ni nukta. Mimi naandika nilichokiona tu."

"Kwa nini hukufuta?"

"Kwa nini nifute?"

Alishuka ngazi bila kuaga, na kolachi hakuzigusa.

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi ya Jumanne akaenda kwenye mkahawa ambako mtangazaji wa redio yetu huweka meza yake karibu na dirisha. Huko huenda kila Jumanne. Mtangazaji akamuuliza kuhusu kati nyuma, kama ilivyotarajiwa, na watu wote wakaacha kutafuna wamsikie. Verlin alikuwa na ramani zile mbili kichwani, wazi kama zimewekwa mezani. Thelathini na kimoja. Hamsini na vinane. Angeweza kusema. Lakini kusema kwamba anayesimama ni bora kuliko anayejirusha, yeye, kwenye mkahawa ambao bilauri zake zote zina picha yake akijirusha! Aliiona moja iko mbele yake, imejaa barafu.

"Watu wa Havlin mnanijua," alisema. "Mimi napenda mtu anayejitoa. Kuna walinzi wanaoungoja mpira uwajie, na kuna wanaoufuata hadi chini kwenye vumbi. Sitaji jina."

"Hahitaji kutaja!" alipaza sauti mzee mmoja kaunta, na mkahawa mzima ukacheka. Verlin naye akacheka. Akasikia kicheko chake mwenyewe na hakukipenda.

Saa tatu na nusu aliandika jina la Corwin Sayles kwenye karatasi akaituma ligi. Mpaka saa sita ungeweza kubadilisha. Wengi hubadilisha.

Sasa kuna desturi moja ya Wavunaji ambayo timu nyingine hazina. Mchezaji akiachwa, kocha humwambia uso kwa uso, halafu humbebea begi mwenyewe kutoka chumba cha kubadilishia mpaka geti kuu. Ilianzishwa na kocha wa kwanza kabisa, na wote waliofuata wameishika. Tunasema mtu aliyetuchezea asitoke kama aliyefukuzwa. Verlin katika miaka yake kumi na mbili ya ukocha alikuwa amebeba mabegi mengi, na lake la kwanza lilimtoa machozi. Siku hizo za nyuma alikuwa akijivunia kwamba hajawahi kukwepa.

Alimkuta Corwin amekaa mbele ya kabati lake. Jezi ilikuwa imeshakunjwa, namba ikiwa juu, na begi limefungwa zipu.

"Corwin, kijana wangu..."

"Nimesikia redioni, kocha. Usijisumbue."

"Nilitaka nikwambie mwenyewe."

"Najua. Si kitu. Lile ndilo begi."

Alisema bila kejeli, na hilo lilikuwa baya zaidi. Verlin akalinyanyua begi. Lilikuwa zito, na glavu imefungwa kwenye mkanda kwa nje, glavu ya kahawia iliyochakaa na kupakwa mafuta ikapakika. Wakatembea chini ya majukwaa, kando kwa kando, viatu vya mmoja vikigonga sementi na vya mwingine havisikiki. Saa ya ukutani kwenye duka la vitafunio ilisema saa sita kasoro dakika kumi na nne.

Verlin alihamishia begi mkono wa pili. "Gongo lako likikaa sawa, hakuna wa kukugusa."

"Limegoma toka nina miaka kumi na saba, kocha. Baba aliniambia nikacheze ngoma." Akatabasamu kidogo. "Kip anapiga vizuri. Mwambie tu asisimame karibu sana na uzio. Anaogopa inayopita juu, ndiyo maana mifupi yote inamwangukia mbele."

Verlin aliitikia kwa kichwa. Hilo alipaswa kuwa amemwambia Kip yeye, wiki nne zilizopita.

Walifika getini. Gari la Corwin lilikuwa nje kwenye kivuli cha ghala la nafaka, buluu, limejaa vumbi. Lakini Corwin hakulifuata. Alisimama chini ya ile picha kubwa, akaitazama kwa muda, mikono mfukoni.

"Naomba nikuulize jambo. Nimelitaka tangu Aprili, nikaona ni utovu wa adabu. Leo mimi si mchezaji wako tena."

"Uliza."

"Hapa ulianzia mbele, sivyo?"

Begi lilikuwa bado mkononi mwa Verlin. Alilisikia likizidi uzito. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia." Corwin akanyoosha kidole, taratibu, kama mwalimu asiyetaka kumwaibisha mwanafunzi. "Tazama bega. Umegeukia kushoto, na mpira uko kulia kwako. Mkono umebidi uuzungushe mwili mzima. Mtu aliyeanza sawa hawezi kufika hivyo. Umegeuka ukiwa umechelewa, ukageukia upande wowote uliokujia kwanza. Hatua moja?"

"Mbili."

"Mbili!" Corwin akapiga mluzi. "Mbili, na bado ukaupata. Ulikuwa na mbio, kocha."

"Umewaambia wenzako?"

"Walinzi wa nyuma wote waliopita hapa wanajua. Hiki ndicho kitu cha kwanza tunachoonyeshana. Wengine hawaoni, na hatuwaambii, kwani ya nini? Picha nzuri." Alikuna kidevu. "Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi sana. Nilijisemea, safari hii nimepata kocha aliyewahi kuumizwa na hatua ya kwanza. Huyu hatanihukumu kwa kutojirusha. Huyu ataona."

Hakusema zaidi. Alinyoosha mkono, akachukua begi lake, na kwa kuwa Verlin alichelewa kuliachia ikabidi alivute kidogo.

Hapo ndipo Verlin Hruska alipokuwa na nafasi yake, na sisi tuliomjua hatuwezi kumtetea. Ofisi ilikuwa hatua sitini nyuma yake. Simu ilikuwa juu ya meza. Alihitaji neno moja tu, rudi, au ngoja, na angepata muda wa kutosha hata kwa goti lile. Neno lilifika kooni. Likakutana na mkahawa, na mzee wa kaunta, na kile kicheko. Angewaambia nini kesho? Kwamba jana alidanganya? Kwamba alikuwa akijua jana, na juzi, na miaka thelathini na minane? Aibu ya kusema aliiona kubwa kuliko aibu ya kunyamaza, na mtu akishafikia kupima hivyo ameshakwisha.

"Safari njema," alisema.

"Ahsante, kocha. Ahsante kwa begi."

Corwin aliliweka begi kiti cha nyuma, glavu akaiweka mbele, kiti cha abiria. Gari lilikohoa, likawaka, likazunguka ghala na kuingia barabara kuu katikati ya mashamba ya mahindi. Verlin alibaki amesimama akiitazama barabara mpaka king'ora cha zimamoto kilipolia, kile kinacholia kila siku saa sita ili mji mzima ujue ni wakati wa kula. Hakukurupuka. Alikisikiliza mpaka kikaisha.

Jumatano tulicheza mchana, jua kali, majukwaa yamejaa. Zamu ya nne, mpira mfupi uliangukia mbele ya Kip, kisha mwingine vilevile. Hakuna aliyezomea. Watu waliona mipira miwili mizuri ya wapinzani, basi. Verlin aliona Corwin amesimama chini ya yote miwili akingoja basi lake.

Zamu ya saba, wapinzani wana watu wawili kwenye vituo, mpira ukapigwa juu na mbali. Kip akakimbia mbele. Hatua moja, mbili, tatu. Kisha akashtuka, akageuka vibaya, akakimbia kichwa kikiwa kimepinda, na karibu na uzio akajitupa mzimamzima. Vumbi likapanda. Mkono ukainuka kutoka kwenye vumbi, na mpira ulikuwa ndani ya glavu.

Uwanja ulilipuka. Watu walirukaruka, soda zikamwagika, na kutoka upande wa jukwaa la kushoto wakaanza, kisha kila mtu akadakia: "Ndege! Ndege! Ndege!" Mpiga picha wa gazeti alikuwa amepiga magoti kwenye mstari, akitazama kamera yake na kucheka mwenyewe. Kip alirudi akikimbia, majani kwenye meno, damu kidogo kwenye kiwiko, uso mzima unang'aa. Alimjia Verlin moja kwa moja mbele ya banda la wachezaji.

"Umeona, kocha? Kama wewe! Kama wewe kabisa!"

"Nimeona," alisema Verlin.

"Nimeupata tu, sijui hata nimeupataje!"

"Najua."

Watu walikuwa wanamtazama. Wanataka avue kofia, kama anavyofanya siku zote jina hilo likiitwa. Verlin alivua kofia akaiinua. Kelele zikazidi. Alikuwa na kofia hewani alipotazama juu kwenye kibanda, na kupitia dirishani akamwona Bi Ardith, kichwa kimeinama, penseli ikitembea pembeni ya ukurasa.

Mchezo ulipokwisha, tukiwa tumeshinda kwa moja, alingoja watu watoke, akapanda ngazi. Bi Ardith alikuwa ananoa penseli.

"Umemwandikia nini?"

"Nilichokiona. Alianzia mbele, hatua tatu, kajiokoa. Kakushinda kwa hatua moja."

Verlin alivuta kiti akakaa.

"Alijua," alisema. "Corwin. Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza. Wote wanajua. Nilikuwa namficha nani, Bi Ardith? Nimemfukuza mtu bora kuliko mimi ili nifiche kitu ambacho kiko ukutani, ukubwa wa mlango." Aliiweka kofia mezani. "Na nilikuwa na dakika kumi na nne."

Bi Ardith aliweka penseli chini.

"Niandikie kosa," alisema Verlin.

"Kosa gani?"

"La jana. Chukua hicho kitabu uandike. Jina langu, saa sita kasoro. Mtu mmoja aandike mahali."

Aliomba kwa dhati kabisa, mikono magotini, kama mtoto aliyekuja kuchapwa na anataka yaishe. Bi Ardith alimtazama. Akakigeuza kitabu, akakipitisha kidole kutoka juu mpaka chini, safu kwa safu: mrushaji, mdakaji, walinzi wa vituo, walinzi wa nyuma.

"Tisa," alisema. "Zinaishia hapo. Safu ya kocha haimo, mdogo wangu. Ingekuwemo ningekuandikia."

"Basi nifanye nini nalo?"

"Utakaa nalo. Lile la mwaka ule ulikuwa na mimi wa kukusaidia kulibeba."

Alifunga kitabu, akakirudisha rafuni kando ya kile cha kijani, akachukua mkoba wake. Chini, wafagizi walikuwa wanasukuma maganda ya alizeti na bilauri za plastiki zilizokanyagwa, na kila bilauri ilikuwa na yule kijana hewani. Verlin alishuka akishikilia ukuta. Gari lake lilikuwa mbele, nje ya geti lenye picha, alikoliacha kila siku kwa miaka kumi na mbili. Alizunguka uwanja mzima kwa mguu, akatokea geti la nyuma wanakopitishia taka, akalifuata gari kwa nje.

Mpaka leo anapitia huko. Ukimuuliza atakwambia ni kwa ajili ya goti.